Bei Iliyopangwa na Wasiopanda

Mwenye gari ndiye anayetaja bei, lakini ukimsikiliza vizuri utagundua anasoma hukumu iliyoandikwa na wengine. Ni hivyo kwa gari lolote lililotumika. Kwa gari la spoti, lile lililolala chini, lenye boneti ndefu na viti viwili vya maana, ni hivyo zaidi. Waliopanga bei yake ni wengi, na karibu wote hawatakaa ndani yake hata siku moja: shangazi aliyeko Morogoro, mtoza kodi wa Japani, watunga sheria wa Washington, fundi wa Gerezani hapa Dar es Salaam, na kijana ambaye sasa hivi yuko kidato cha tatu lakini ndiye atakayekuja kulinunua kwako.

Nianze na shangazi, maana ndiye mwenye sauti kubwa. Katika miji yetu gari huhesabiwa viti kabla ya kuhesabiwa kilomita. Siku linapoingia uani, ukoo mzima unakuwa umeshajigawia nafasi: nani atakaa wapi siku ya msiba wa Korogwe, nani atakimbizwa hospitali ya Muhimbili usiku wa manane, magunia mangapi ya mchele yataenea nyuma kutoka Kyela. Ndiyo maana Toyota Noah na Alphard zinashika bei kwa ukaidi, na ndiyo maana IST, gari dogo lisilo na majivuno yoyote, hupata mnunuzi kabla tangazo lake halijasomwa mara mbili. IST inabeba ndugu, inabeba abiria wa kulipia, na kila fundi chini ya mwembe anaijua. Gari la milango miwili halina utetezi mbele ya shangazi. Mama mkwe haingii bila kushikwa mkono, na akishaingia kutoka ni kazi nyingine. Harusini linafaa kwa picha tu. Basi soko hulikata bei kwa kosa la kutobeba watu, na makato hayo mimi nayaita punguzo la shangazi.

Sisemi kwa kulaumu. Shangazi ana hoja, na aliyesomeshwa na ukoo hawezi kununua gari la mtu mmoja na nusu bila kuulizwa. Lakini punguzo hilo ndilo bahati ya mnunuzi asiye na kundi la kubeba. Si ajabu kukuta gari la spoti ambalo likiwa jipya lilizidi Corolla kwa mbali, leo linauzwa bei moja na Corolla ya umri wake, au chini ya hapo. Anayelinunua analipia chuma kidogo na maneno ya watu mengi.

Ili tusizungumze hewani, nishike gari moja: Mazda RX-8. Ilitengenezwa Hiroshima kuanzia 2003 hadi 2012, na nimeichagua kwa sababu walioibuni walijaribu kumjibu shangazi. Waliipa viti vinne vya kweli na milango miwili midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, bila nguzo katikati, kiasi kwamba milango yote ikiwa wazi ubavu mzima wa gari unabaki uwanja. Ila mlango wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Kwa hiyo shangazi anapanda, ndiyo, lakini anashuka kwa hisani ya aliyekaa mbele. Soko halikuona tofauti. RX-8 inauzwa kama gari la milango miwili, punguzo lote likiwamo.

Wa pili kupanga bei ni mtoza kodi wa Japani. Kule gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, wenyewe wanauita shaken, unakwenda pamoja na bima na kodi ya uzito kwa mpigo mmoja. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka hupandishwa. Mzee wa Nagoya mwenye RX-8 inayotembea vizuri hupiga hesabu usiku mmoja na asubuhi analipeleka mnadani. Gari limechoshwa na makaratasi, si na barabara. Watu wetu wengi hudhani Wajapani huuza kilichowashinda. Mara nyingi wanauza kilichowagharimu.

Mnada wenyewe unastahili kutazamwa. Kampuni kubwa kuliko zote huko ni USS, iliyoanzishwa 1980, na uwanja wake wa Tokyo uko Noda, mkoa wa Chiba, ambako kila Alhamisi maelfu ya magari hupita mbele ya wanunuzi walioshika vitufe. Kila gari linauzwa kwa sekunde chache. Hakuna anayelala chini kuchungulia oili, hakuna anayepiga teke tairi. Wanaamini karatasi. Mkaguzi wa mnada huligawa gari kwa alama, 5 likiwa karibu jipya, 4 likiwa zuri, 3 likiwa na mengi ya kusimulia, na R likiwa liliumia mifupa likanyooshwa. Kisha anachora ramani ya bodi na kuiandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa pakabaki wimbi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kidonda. Ndani ya gari napo pana alama yake.

Kwa Noah karatasi hiyo ni faida ya ziada. Kwa gari la spoti ni nusu ya bei, kwa sababu watu hawanunui gari la spoti ili wakae kwenye foleni. Huliteremsha zaidi, hulikata springi, hulifungia ekzozi ya kelele, na siku moja wanalikumbatisha na mti. Herufi R ikiwa kwenye karatasi, bei ya mnadani huporomoka, na hapo ndipo mwagizaji mjanja hulinunua. Likifika Dar es Salaam linang'aa, karatasi imebaki Chiba, na wewe unauziwa mbuzi kwenye gunia. Kuanzia hapo gari linasafiri na maneno ya dalali: lilikuwa la dada mmoja wa benki, alikuwa analitoa Jumapili tu. Omba karatasi ya mnada. Omba na cheti cha Kijapani cha kulitoa gari nchini, maana kinaonyesha mwezi lilipoandikishwa mara ya kwanza, kilomita, na namba ya chasisi, ambayo kwa RX-8 huanza na SE3P. Kisha inama uisome namba hiyo kwenye gari lenyewe. Asiyekuwa nazo atakwambia zilipotea katika kuhama nyumba. Inashangaza jinsi wenye magari ya R wanavyohama nyumba.

Meli ikishafunga gati, anaingia wa tatu, mtoza kodi wetu. Chukua thamani ya gari bandarini kuwa shilingi 100, halafu fuata hesabu ya Tanzania kwa viwango tulivyovizoea. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, umefika 125. Juu ya hizo 125 unakaa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa injini za kati ya cc 1,001 na 2,000, na unakaa ushuru mwingine wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. RX-8 iko kwenye kundi hilo la mwisho, kwa hiyo umefika 168 na ushei. Juu ya zote hizo, VAT ya asilimia 18. Jumlisha kodi peke yake na utapata shilingi 99, kabla ya tozo ndogondogo. Kwa maneno mengine, mwenye kuagiza RX-8 hununua magari mawili, moja la kuendesha na moja la kuiachia serikali. Na hizo 100 za mwanzo si zile ulizolipa Japani kwa bahati yako. TRA, mamlaka yetu ya mapato, ina orodha yake ya thamani, na ukibahatika kulipata gari kwa bei ya kutupwa, orodha haina habari na bahati yako.

Hapa ndipo mazungumzo ya bei huanza kuumana. Muuzaji atakutajia kodi aliyolipa kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, akitaka umrudishie. Wengi hujibu kwamba kodi ni msiba wake. Mimi naona ana haki nusu. Kama gari jingine la aina hiyo litakugharimu kodi ileile ukiliagiza leo, basi kodi yake imo ndani ya bei, upende usipende. Lakini haki hiyo inapungua kila mwaka gari linapozeeka barabarani kwetu, na muuzaji anayeitaja kodi ya miaka saba iliyopita anakuuzia kumbukumbu. Kenya hesabu ni nyingine kabisa. Gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo kwa RX-8 mlango ulishajifunga, na zilizoko Nairobi na Mombasa ndizo hizohizo. Anayeuza huko anaweza kukwambia bila kukutazama usoni kwamba ukiiacha hutapata nyingine kutoka melini, na hatakuwa amesema uongo.

Kuna kichekesho cha cc. Injini ya RX-8 inaandikwa cc 1,308, ndogo kuliko ya Premio. Wajapani hawakudanganyika. Injini hii haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na sheria yao ya kodi huizidisha kwa 1.5 ikawa cc 1,962. Kwetu haibadilishi kitu, kwani 1,962 nayo iko chini ya 2,000. Kituo cha mafuta ndicho kisichosoma kadi ya gari. Vipimo rasmi vya Marekani vinaipa RX-8 maili 16 kwa galoni mjini, sawa na karibu kilomita 7 kwa lita, na hapo hakuna foleni ya Mwenge.

Halafu kuna herufi ya namba. Dar es Salaam gari halizeeki kwa mwaka wa kutengenezwa bali kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu za kibao: namba B ni babu, namba D ni la kuheshimika, namba E bado linanukia bandari. RX-8 mbili za mwaka 2004, zilizotoka kiwandani wiki moja, moja ikaletwa mapema ikapewa B, nyingine ikakaa Japani miaka mingi ikaja kupewa D. Ya pili inaitwa mpya. Kuna mantiki ndani yake, kwa sababu barabara za Japani hazina matuta ya kienyeji yanayokwangua tumbo la gari la chini, na kila mwaka lililokaa huko ni mwaka lililookoka kwetu. Ila herufi inakwambia ni lini lilikuja, haikwambii lilikuja likiwa na nini. Niliwahi kusikia habari za mtu aliyelipa zaidi kwa sababu ya herufi moja akasahau kufungua boneti.

Watunga sheria wa Washington nitawapitia haraka, ingawa mkono wao ni mrefu. Marekani hairuhusu gari lisilotengenezwa kwa viwango vyake vya usalama mpaka litimize miaka 25. Siku linapotimiza, vijana waliokua wakiliona kwenye filamu na michezo ya kompyuta, sasa wakiwa watu wazima wenye mishahara, hulivamia. Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilifunguliwa 2014, ile ya 1999 ikafunguliwa 2024, na kila mara bei za Japani zilipanda kwa wote, pamoja na sisi tusiohusika. RX-8 imesalimika kwa sababu moja: iliuzwa Marekani ikiwa mpya, madukani, kwa yeyote. Wamarekani hawakunyimwa, kwa hiyo hawaioti.

Na wanaijua injini yake. Hapo ndipo penye bei yote.

Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeibuni injini ya rota, na kampuni nyingi ziliinunua haki yake kisha zikaitupa. Mazda hawakuitupa. Kenichi Yamamoto na kikosi chake cha wahandisi walihangaika na makwaruzo ya ajabu ambayo sili za ncha za rota ziliyachora ndani ya ukuta wa injini, wakayaita kucha za shetani, na mwaka 1967 wakatoa Cosmo Sport ikiwa na rota mbili. Mwaka 1991 gari lao la rota nne, 787B, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. Injini ya RX-8, waliyoiita Renesis, ikachaguliwa injini bora ya mwaka duniani 2003. Ile ya gia sita za mkono ilitoka kwanza Japani na nguvu za farasi 250, na inapenda kuzungushwa hadi mizunguko 9,000 kwa dakika bila kutetemeka, kwa sababu hakuna kitu ndani kinachopanda na kushuka. Nimeendesha magari yenye nguvu kuliko hilo na sijakutana na injini yenye furaha kama hiyo. Naisema hii waziwazi ili msomaji ajue upande niliokaa.

Lakini kucha za shetani hazikuisha, zilipunguzwa tu. Sili zile za ncha huchakaa, na zikichakaa injini hupoteza kompresheni. Kampuni yenyewe ililazimika kuongeza dhamana ya kiini cha injini Marekani, kwa RX-8 za 2004 hadi 2008, ikafika miaka 8 au maili 100,000. Isitoshe, injini hii hujinyunyizia oili ndani kwa makusudi ili sili zisikauke. Kula oili kidogo ndiyo afya yake. Muuzaji akikuapia kwamba RX-8 yake haili oili hata tone, ama anasema uongo ama pampu ya oili imekufa, na afadhali angekuwa anasema uongo.

Tulikwenda kutazama moja, mimi na mpwa wangu, pamoja na fundi anayezijua rota. Dalali alitupokea kwa shikamoo ya heshima na bei ya milioni 13, maongezi yapo.

"Gusa injini, mzee wangu," akaniambia. "Ya baridi kabisa. Sijaipasha kukudanganya."

Aliwasha mara moja, ikanguruma. Mpwa wangu alishaanza kutabasamu. Kwa gari la pistoni dalali angekuwa ametoa ushahidi mkubwa, kwa sababu injini mbovu ya pistoni hujifichua ikiwa ya baridi. Rota ni kinyume. Ikiwa ya baridi, oili nzito husaidia sili kuziba, na injini iliyochoka huwaka kama ya jana. Fundi hakusema kitu. Akalichukua gari hadi Tegeta na kurudi, sindano ya joto ikiwa katikati, akalizima, akaagiza maji ya kunywa. Dalali akaanza kutazama saa. Baada ya dakika kumi fundi akageuza ufunguo. Stata ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka.

"Betri hiyo," dalali akasema.

Fundi akaunga waya kutoka betri ya gari lake. Stata ikazunguka kwa kasi zaidi, na injini ikabaki bubu. Bei ikashuka yenyewe, bila mtu kuiomba: kumi na moja, kumi, tisa.

"Mjomba, kwa tisa si tunachukua tu?" mpwa wangu akaninong'oneza. "Nyingine tutaikuta wapi kwa tisa?"

"Hiyo tisa ni ya bodi," nikamwambia. "Injini bado hujauziwa."

Kinachosikitisha ni kwamba kipimo cha uhakika kipo. Kompresheni ya rota hupimwa kwa kifaa chake maalumu, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kila uso lazima usomwe peke yake, jambo ambalo kipimo cha kawaida cha gereji hakiliwezi. Renesis nzima husoma kilopaskali 830 injini ikizungushwa mizunguko 250 kwa dakika. Chini ya 680 imekwisha. Tofauti kati ya uso na uso wa rota moja isizidi 150. Namba sita tu, kwenye kipande cha karatasi, na ubishi wote wa yadi unaisha. Lakini gereji zenye kifaa hicho ni chache, wauzaji hawapimi, wanunuzi hawaulizi, na soko zima linaendelea kufanya biashara gizani.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu giza hilo, baada ya majarida matatu kuikataa, na moja ya sababu alizopewa ni kwamba jambo lenyewe ni dogo mno. Mwaka 2001 likampa Nobel. Hoja yake kila dalali anaijua bila kuisoma. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Mnunuzi, kwa kujihami, anatoa bei ya katikati, kati ya gari zima na kimeo. Mwenye gari zima anaona ametukanwa na analirudisha nyumbani. Mwenye kimeo anashukuru. Kesho wanunuzi wanakuta vimeo vimezidi, wanashusha bei zaidi, na mwenye gari zima wa pili naye anaondoka. Mwisho soko linabakiwa na vimeo na watu wanaojisifu kwamba wamevipata rahisi.

Sijui gari ambalo hoja hii inalikaa vizuri kuliko RX-8. Kila mtu amesikia kwamba injini yake hufa. Kwa hiyo hata yule aliyebadilisha oili kwa wakati, akabadilisha plagi na koili kabla hazijamlazimisha, akaliacha lipoe na lipate moto kwa utaratibu wake, akienda sokoni anakutana na bei ya injini iliyokufa. Na sisi tunamwongezea la kwetu: desturi kwamba bei iliyotajwa ni tusi mpaka ikatwe. Tunaingia yadi tukiwa tumeshaamua kukata theluthi kabla hatujaona gari. Dalali anajua, kwa hiyo anaongeza theluthi. Mwenye gari zima asiyejua mchezo huu, akataja bei ya haki tangu mwanzo, anakatwa kama wengine na anabaki na hasara ya ukweli wake. Kupatana bei ni raha ya watu wa pwani na sitaki ife. Kwenye kanga na samaki inafaa, kwa sababu kitambaa unakishika na samaki unamfungua shavu. Kwenye injini iliyofungwa, anayejua kuongea ndiye anayeshinda, na mwenye kimeo siku zote amefanya mazoezi zaidi.

Fundi wa Gerezani naye ana kura yake. Kipuri cha IST utakipata kabla chai haijapoa, na utachagua kati ya kipya, cha Japani kilichotumika na cha Dubai. Seti ya sili za rota utaiagiza na kuisubiri. Kila wiki gari linapokaa juu ya mawe ni sehemu ya bei, ingawa hakuna aliyeiandika kwenye tangazo. Bima nayo ni hivyo: wengi wa umri wa mpwa wangu hukata bima ndogo, halafu wanaendesha gari ambalo taa yake moja ya mbele, ikivunjwa na bodaboda, haipatikani mjini. Ukinunua gari la namna hii kwa milioni tisa ukiwa na milioni tisa, hujanunua gari, umenunua kesi.

Amebaki yule wa kidato cha tatu. Siku utakapochoka, au mtoto wa pili atakapozaliwa na shangazi kushinda, utamhitaji. Atakuja na fundi wake, na ataiona RX-8 iliyozeeka zaidi. Ya mwisho ilitoka kiwandani Juni 2012, kwa hiyo hakuna tena RX-8 changa popote duniani. Kila itakayoshuka Dar es Salaam kuanzia sasa imeshavuka miaka 10 na inalipa asilimia 30 ya uchakavu bila mjadala. Zilizopo zitagawanyika mafungu mawili, zenye karatasi na zisizo na karatasi, na bei zitaachana kadiri miaka inavyokwenda. Kama unataka kijana huyo akulipe vizuri, anza leo kuweka risiti za oili.

Na kama wewe ndiye mnunuzi, nina neno moja ambalo mpwa wangu hakulipenda. Siku utakapomkuta mtu mwenye karatasi ya mnada, namba ya chasisi inayolingana, daftari la matengenezo, kompresheni sita zote juu ya 680, na gari linalowaka likiwa la moto, akataja bei yake: usikate hata shilingi. Mlipe alichosema, na muandikishiane kwa wakili siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo.